Kupiga Picha Moshi wa Nyota

Nyota nazo zina mwisho. Mtoto wa Bunia akitazama juu usiku wa kiangazi huona nyota zile zile alizoziona babu wa babu yake, naye hudhani kwamba hazibadiliki kamwe. Lakini kila nyota inawaka kwa kitu kilichomo ndani yake, na kitu hicho kinaweza kwisha, kama kuni jikoni. Nyota ya kadiri, kama jua letu, ikimaliza kuni zake hupoa polepole. Nyota kubwa sana haifi kwa upole namna hiyo. Moyo wake huanguka ndani yake wenyewe kwa muda usiozidi sekunde moja, na sehemu zake za nje hutupwa mbali kwa nguvu nyingi mno. Kwa majuma kadhaa nyota hiyo moja hung'aa kuliko mamilioni ya nyota. Kisha hufifia, na mahali pake panabaki gesi iliyotawanyika, kama moshi wa baruti katika machimbo ya mawe.

Jambo hilo limepata kuonekana na kuandikwa. Tarehe 4 Julai 1054, Wachina waliona nyota mpya katika kundi la Fahali. Kwa siku 23 ilionekana hata mchana, jua likiwaka. Usiku ilionekana kwa muda wa karibu miaka 2. Mabaki yake yapo mpaka leo. Yanaitwa Kaa, na darubini ndogo huyaonyesha kama doa dogo la ukungu.

Kuna mabaki mengine yaliyo karibu zaidi na makubwa zaidi, lakini hayaonekani kwa macho hata kidogo. Yamo upande wa kusini, katika kundi la nyota liitwalo Tanga, lililo sehemu ya jahazi kubwa ambalo watu wa zamani walilichora angani kwa mawazo yao. Nyota yake ilikufa kama miaka 11,000 iliyopita. Hakuna aliyeandika habari zake, kwa kuwa siku hizo hapakuwa na mwandiko popote duniani. Lakini watu walikuwapo Ituri. Katika pango la Matupi, kwenye mlima Hoyo, upande wa kusini ya Bunia, Francis Van Noten alichimba katika miaka ya 1970 akapata vyombo vidogo vya mawe, na vingine vyao ni vya zamani kuliko nyota ile kufa. Mtu aliyetoka mbele ya pango lile usiku, mawingu yakiwa yameondoka, aliona mwanga mkubwa upande wa kusini ambao baba yake hakuuona. Alisema nini juu yake? Maneno yake yamepotea, ila moshi wa nyota ile ungalipo.

Moshi huo ni mpana ajabu. Ukipanga miezi mipevu 16 mmoja baada ya mwingine, ndio upana wake. Basi kwa nini hauonekani? Si kwa sababu ya udogo. Ni kwa sababu nuru yake imetandazwa mno, kama kijiko kimoja cha mafuta juu ya ziwa zima. Tena upo mbali: nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja, nayo hutumia dakika 8 kutoka jua kufika hapa, lakini kutoka mabaki ya Tanga hutumia miaka 900 hivi.

Na hapa kuna jambo la kuwapendeza watu wa Ituri. Mtu wa Brussels, hata akiwa na darubini ya bei kubwa namna gani, hawezi kupiga picha ya mabaki haya akiwa nyumbani kwake. Kwake Tanga halipandi kamwe juu ya ardhi mahali yalipo mabaki. Bunia iko karibu sana na ikweta, digrii moja na nusu tu kaskazini yake, kwa hiyo karibu anga lote hupita juu ya mji katika mwaka mmoja, la kaskazini na la kusini. Mwishoni mwa Januari Tanga huchomoza jua linapotua, na saa 6 ya usiku husimama kusini, karibu nusu ya njia kutoka ardhini mpaka utosini. Kutoka saa 3 ya usiku mpaka saa 9 liko juu vya kutosha kwa kupiga picha. Tena Januari ni kiangazi Bunia, na usiku wa mawingu ni michache. Anayetaka kulipata atafute kwanza Suheli, nyota nyeupe yenye nguvu inayojulikana sana na mabaharia wa pwani. Akiielekea kusini, Tanga liko kushoto kwake.

Sasa, kamera yawezaje kuona kitu ambacho jicho halioni? Jicho halina akiba. Nuru inayoingia sasa inatumiwa sasa, na nuru ya dakika iliyopita imekwenda zake. Kamera ni kama mtungi uliowekwa chini ya ukingo wa bati. Tone moja si kitu, lakini mtungi ukiachwa pale usiku kucha, asubuhi utakuwa umejaa. Kamera ikiachwa wazi dakika moja hukusanya nuru ya dakika nzima. Darubini si lazima kwa kazi hii. Kwa kuwa mabaki ni mapana, lensi ya milimita 85, ambayo wapiga picha wa arusi huitumia kwa kupiga sura za watu, yatosha kabisa.

Shida ni kwamba mtungi wetu hautulii chini ya tone. Dunia inazunguka, na nyota zote huenda kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa dakika 2 tu nyota husogea upana wa mwezi mpevu. Kamera ya lensi ya milimita 85 ikiachwa wazi zaidi ya sekunde 3 au 4 juu ya miguu yake mitatu, kila nyota inakuwa mstari, na moshi ulio hafifu unafutika kabisa. Basi kamera lazima igeuke pamoja na nyota, polepole, duara moja kwa saa 23 na dakika 56.

Kuna mashine za motoka ndogo zinazofanya kazi hiyo, nazo zina bei kubwa. Lakini fundi seremala aweza kutengeneza chombo chake mwenyewe. Mskoti mmoja, George Haig, alieleza mwaka 1975 namna ya kukifanya kwa mbao mbili na bawaba. Mbao mbili zenye urefu wa sentimita 30 zinaunganishwa kwa bawaba upande mmoja, kama kitabu. Ubao wa chini unafungwa juu ya meza nzito. Ubao wa juu unabeba kamera. Katika ubao wa chini panatobolewa tundu, milimita 229 kutoka mhimili wa bawaba, na ndani yake inapita boliti ya milimita 6, ile ya kawaida ambayo nyuzi zake zinaachana milimita moja. Boliti ikizungushwa mara moja kwa dakika, ubao wa juu unainuka kwa mwendo ule ule wa nyota. Ni jambo zuri kweli: mtu hushika kichwa cha boliti na kukizungusha sawasawa na mshale wa sekunde katika saa yake, wala haihitajiwi hesabu nyingine. Motoka ndogo inayozunguka mara moja kwa dakika ni bora, kwa sababu mkono huchoka. Kila baada ya dakika 15 boliti irudishwe mwanzo, kwa maana ubao ukifunguka sana mwendo wake unaanza kukosea.

Bawaba ikae upande wa magharibi na boliti upande wa mashariki. Hivyo ubao ukiinuka, kamera inainamia magharibi pamoja na nyota.

Lakini bawaba haiwezi kulazwa ovyo. Lazima ilingane na mhimili wa dunia yenyewe. Katika Ulaya watu hutafuta Nyota ya Kaskazini, ambayo inakaa karibu mahali mhimili huo unapoelekea, na kuelekeza chombo chao kwake. Brussels nyota hiyo iko juu, digrii 51. Bunia iko digrii moja na nusu tu juu ya ardhi, kama upana wa kidole kimoja ukinyoosha mkono. Kilima kinaificha, nyumba ya jirani inaificha, mikaratusi inaificha, na vumbi la kiangazi linaificha. Mashine nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, hata haziwezi kuinamishwa kiasi cha kufaa Bunia. Hapo wengi hukata tamaa. Haifai kukata tamaa, kwa kuwa jua linaweza kufanya kazi ya nyota hiyo.

Asubuhi, simamisha kijiti cha mita moja juu ya sakafu iliyo sawa, na ukipime kwa timazi ya mwashi. Chora duara ya sentimita 80 kutoka shina la kijiti. Mapema asubuhi kivuli ni kirefu, nacho kinaelekea magharibi. Jua likipanda, kivuli hufupika. Wakati ncha yake inapogusa duara, tia alama. Halafu ngoja. Katikati ya Januari, saa sita mchana, kivuli kitakuwa na urefu wa sentimita 42 hivi, kikielekea kaskazini, kwa maana mwezi huo jua linapita kusini ya Bunia. Mchana ukiendelea, kivuli kinarefuka tena upande wa mashariki. Ncha yake ikigusa duara mara ya pili, tia alama nyingine. Unganisha alama mbili kwa uzi, na tafuta katikati ya uzi. Mstari kutoka shina la kijiti mpaka hapo katikati ndio kaskazini ya kweli. Ni sahihi kuliko dira, kwa sababu dira huvutwa na chuma kilichomo nyumbani, tena sumaku ya dunia haielekei kaskazini ya kweli barabara. Darasa zima laweza kufanya kazi hiyo siku moja uwanjani mwa shule, na gharama yake ni kijiti, uzi na chaki.

Bawaba ikishalazwa juu ya mstari huo, imebaki kuinua ncha yake ya kaskazini kwa digrii moja na nusu. Kwa ubao wa sentimita 30, hiyo ni milimita 8. Pima kwanza kwa pima-maji kwamba meza iko sawa, kisha laza penseli moja chini ya ncha ya kaskazini ya ubao wa chini. Yatosha. Mtu wa Brussels lazima atengeneze mguu mkubwa wa kuinamisha chombo chake digrii 51. Mtu wa Bunia anatumia penseli.

Baada ya hayo kuna habari ya rangi. Gesi ya nyota iliyokufa hukimbia na kugonga gesi nyepesi iliyoko kati ya nyota. Gesi hiyo inapata joto na kung'aa, lakini haing'ai kwa rangi zote. Haidrojeni hutoa nyekundu moja, na oksijeni hutoa kijani chenye kuelekea buluu. Taa za mji hutoa rangi karibu zote. Basi mpiga picha huweka mbele ya lensi kioo kinachopitisha ile nyekundu ya haidrojeni peke yake na kuzuia nyingine. Kioo hicho kina bei kubwa, lakini bila yake mwanga wa mji hushinda moshi wa nyota. Tena kamera za kawaida zina ndani yake kioo kingine kinachozuia sehemu kubwa ya nyekundu hiyo, ili sura za watu zisitoke na rangi mbaya. Fundi hukiondoa. Asiyejua kazi hiyo asijaribu.

Kioo hicho kina faida kubwa zaidi Bunia kuliko mahali pengine. Mahali pazuri pa kupiga picha ni milimani, mbali na taa zote. Lakini Ituri imejua miaka mingi ya vita, na mwezi wa Mei 2021 serikali iliweka jimbo chini ya utawala wa kijeshi. Mtu mwenye akili hapeleki kamera mlimani usiku peke yake. Kazi inafanyika ndani ya ua, chini ya taa za jirani, na ni kioo chekundu kinachoiwezesha. Hata ndani ya ua, mpiga picha huwaambia kwanza majirani na shefu wa kartie atakachofanya. Bomba jeusi lililoelekezwa juu gizani laweza kuogopesha watu, na watu walioona mabaya wana haki ya kuogopa. Akiwaeleza mchana, usiku watakuja kutazama.

Picha moja ya dakika moja, hata kwa vyombo hivi vyote, haionyeshi karibu kitu. Inaonyesha nyota, na juu yake chembechembe za vurugu, kama mchanga. Fikiri darasa lenye paa la mabati wakati wa mvua kubwa. Mwalimu anasema neno moja, nanyi hamlisikii. Akilirudia neno lile lile mara 100, sauti ya mvua inabadilika kila mara, lakini neno halibadiliki, na mwishoni mtalitambua. Ndivyo ilivyo kwa picha. Zikiwekwa moja juu ya nyingine na kompyuta, vurugu za picha hii hufutwa na vurugu za picha ile, bali moshi wa nyota unabaki palepale na kuongezeka nguvu. Picha 4 hupunguza vurugu kwa nusu. Ukitaka kuzipunguza mpaka sehemu moja ya kumi, zatakiwa picha 100. Kwa Tanga, picha 240 si nyingi, yaani saa 4 za kuzungusha boliti, na watu huzipata kwa usiku 2 au 3 usio na mwezi. Programu ya kuziunganisha, kama ile iitwayo Siril, inatolewa bure.

Picha nyingine kidogo zinapigwa lensi ikiwa imefunikwa, ili kompyuta ijue makosa ya kamera yenyewe. Nyingine zinapigwa alfajiri, kitambaa cheupe kikiwa kimetandwa mbele ya lensi, ili mavumbi na madoa ya kioo yajulikane na kuondolewa.

Umande ni adui mwingine. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa Januari hupoa. Baada ya saa 6 ya usiku lensi hufunikwa na maji kama kioo cha dirisha jikoni, na mtu aweza kupiga picha 100 za ukungu bila kujua. Kamba ndogo yenye joto la betri ya pikipiki hufungwa kuzunguka lensi. Moshi wa nyasi zinazochomwa kiangazi hauna dawa. Siku hiyo watu hulala. Na umeme ukionekana juu ya Ziwa Albert, vyombo vyote vya chuma viingizwe ndani mara moja.

Picha ikikamilika, inaonyesha nini? Inaonyesha nyuzi nyekundu, mamia, nyembamba, zilizojipinda kama ukili uliofumuliwa. Kila uzi ni mahali gesi ya nyota inapogonga gesi nyingine. Katikati upo moyo wa nyota iliyokufa, lakini picha hii haiuonyeshi. Uligunduliwa mwaka 1968 kwa redio, nchini Australia. Upana wake ni kilometa 20 hivi, kama safari ya asubuhi kwa miguu, lakini ni mzito kuliko jua, nao huzunguka mara 11 kila sekunde. Vitu vya namna hii hutoa pia mionzi ile ambayo waganga hupigia picha za mifupa. Hewa ya dunia huizuia, kwa hiyo kulihitajiwa chombo cha kwenda juu. Tarehe 12 Desemba 1970 chombo cha kwanza cha kutafuta mionzi hiyo katika anga lote kilirushwa kutoka jukwaa lililojengwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kiliitwa Uhuru. Kilifanya kazi mpaka mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vitu 339, na kati yake mabaki ya nyota zilizokufa.

Tena nyuzi hizo si gesi tupu. Chuma cha jembe kilitengenezwa ndani ya nyota na kutupwa nje katika milipuko kama huo, kabla jua letu halijawa. Na dhahabu ya Kilo na Mongbwalu? Tarehe 17 Agosti 2017 wataalamu waliona mioyo miwili ya nyota zilizokufa, namna ile ile ya moyo ulio katika Tanga, ikigongana na kutoa metali nzito, na dhahabu kati yake. Sehemu ya dhahabu inayochujwa katika mito ya Ituri yaweza kuwa ilianza hivyo.

Picha nyekundu si mwisho wa kazi. Oksijeni nayo ina nyuzi zake, na mara nyingi hazipiti mahali pamoja na zile za haidrojeni. Kwa hiyo kioo chekundu huondolewa, kioo cha kijani huwekwa, na picha nyingine 240 zinaanza katika mwezi-giza wa Februari. Lazima ziishe upesi. Mwezi wa Machi mvua hurudi, na mbao mbili na bawaba yake hufungwa ndani ya turubai mpaka Desemba.